Kimondo Kilichotaka Kutunyima Mwezi

Mimi Kabedi ni Mkatoliki, mwezi wa Waislamu haunihusu. Lakini jioni ile niliutafuta kuliko wote, maana Nuru, binti wa jirani yangu Zaina, alikuwa aolewe siku ya Idi. Mwezi ukionekana, Idi ni kesho, na arusi ni kesho. Usipoonekana, Idi ni kesho kutwa, na kesho kutwa alfajiri treni inaondoka na bwana arusi Lukmani pamoja na mizigo yake. Treni ya Kamina mnaijua: ikishaondoka, kurudi kwake ni majaliwa.

Tulisimama uwanjani nyuma ya soko, macho magharibi. Mzee Sudi wa msikiti alitaka Waislamu wawili waliouona kwa macho yao. Wingu lilikuwa limeziba palepale, nami nikalitukana kimyakimya kwa Kiluba.

Ghafla kikapita kimondo. Kikubwa, cha kijani, kikapasua anga kuelekea stesheni hata vivuli vyetu vikakimbia chini. Watu wote wakageuka kukifukuza, Mzee Sudi mbele, kanzu ameikunja mkononi. Mimi, niseme kweli, niliogopa. Nilijitupa nyuma ya toroli la mihogo nikajifunika kitenge.

Nilipofunua jicho moja, ni mimi peke yangu niliyeelekea magharibi. Wingu limeachia, na mwezi ule pale, mwembamba. Nikawakimbilia huku nikicheka ovyo, nikamshika Mzee Sudi bega, nikamgeuza mzimamzima, nikanyosha kidole.

"Muzee, acha ile moto. Mwezi yenu iko kule."

Akauona. Huyo mmoja. Ushahidi wangu mimi Mkatoliki haukuhesabiwa, na wingu lilikuwa limekwisha kurudi. Akamwuliza Lukmani. Kijana akaona haya, akakiri kwamba hakuona mwezi wala kimondo, alikuwa anamwangalia Nuru. Nilitamani kumpiga kofi na kumkumbatia palepale.

"Minyi niliona," Nuru akasema akijigusa kifua. "Nilifuata kidole ya Mama Kabedi."

Mzee akamkazia macho. Akamwuliza, kama wanavyoulizwa mashahidi wote, pembe za mwezi zilielekea wapi.

"Juu, Baba. Njo vile bakuli inakaa."

Mzee Sudi akaikunjua kanzu yake, akatangaza kuwa kesho ni Idi.

Zaina akapiga vigelegele. Nuru akanirukia shingoni akilia na kucheka, na hina mbichi, aliyokuwa ameipaka kwa matumaini tu, ikanichafua kitenge chote. Sijakifua mpaka leo.