Herufi K kwenye Fomu ya Kijito

Alhamisi saa tatu asubuhi mpima vijito alipiga magoti bondeni, nyuma ya nyumba ya shangazi yake, akageuza jiwe la kumi na mbili. Chini yake waling'ang'ania wadudu wenye matamvua ubavuni, wa aina isiyokua bila maji ya mwaka mzima. Mawe yalikuwa na mwani. Katikati ya mkondo halikuwa limeota jani hata moja. Maji yenyewe yalikuwa membamba, kwani kilikuwa kiangazi, lakini mpima vijito hasomi maji, anasoma dalili. Kwenye kisanduku cha mwisho, chenye nafasi ya herufi moja tu, akaandika K. Yaani Kudumu.

Masijala wakasoma Kavu. Fomu zilikuwa zimebadilishwa mwezi uliopita, na cha kudumu sasa kiliandikwa D, ya Daima. Waraka wa mabadiliko ulibandikwa nyuma ya mlango ambao hukaa wazi siku nzima.

Kijito cha kudumu hakiguswi, wala aliyejenga kando yake. Kikavu hufukiwa. Bonde lilikuwa tayari na mtu anayelitaka kwa ghala, na nyumba ya shangazi ilikuwa ndani ya ramani yake. Malori ya kifusi yangefika Jumatatu.

Ijumaa, alipopata habari, mpima vijito hakutulia. Masijala walimtuma kwa mkuu wa idara, mkuu akamrudisha masijala, chai yake ikapoa mara mbili. Mwishowe mkuu alimwambia kwamba fomu iliyopigwa muhuri haifutwi mpaka kijito kipimwe upya mbele ya shahidi, na gari lingepatikana Jumatano.

"Labda kije chenyewe," mkuu akasema, akarudi kwenye karatasi zake.

Kilikuja saa nane mchana. Mlinzi alikiandika kwenye daftari la wageni na, kwa kuwa hakikuwa na kitambulisho, akakipitisha kwa dhamana yake. Kilipanda ngazi polepole hadi ghorofa ya tatu, pamoja na mawe na wadudu wake, kikatulia koridoni. Wafanyakazi walikunja suruali. Karani wa masijala alihamishia majalada rafu ya juu, akilalamika kwamba siku hizi watu hawaji kwa miadi.

Mpima vijito alileta fomu mpya na mkuu wake. Maji yalikuwa ya kifundo cha mguu, ila yeye yalikuwa yamemfika shingoni. Aligeuza jiwe baada ya jiwe, akamwonyesha mkuu wadudu, akamwonyesha mwani, akaandika D kubwa.

Mkuu aliinama, akatazama kila kitu kwa uangalifu. Alikuwa mtu wa haki kwa namna yake.

"Dalili sizibishi," akasema. "Lakini hapa umepima korido. Kule bondeni sasa hivi kuna nini?"

Bondeni kulikuwa kukavu.

"Basi fomu ya kwanza haina kosa," mkuu akasema.

Mpima vijito alikiomba kijito kirudi. Alikiomba Jumamosi na Jumapili, akipanda na kushuka ngazi, akikisukuma kwa ufagio. Kijito kilikuwa kimeitwa kutoa ushahidi na hakikuona kwamba kimesikilizwa. Jumatatu malori yalikuja, yakamwaga. Jioni nyumba nayo haikuwapo.

Jumanne shangazi alipanda ghorofa ya tatu na karai kichwani, kwa kuwa yeye ni dobi na nguo za watu zilikuwa zikimsubiri. Alichagua sehemu karibu na dirisha la malalamiko, ambapo mkondo ni mzuri. Mpima vijito akatoka kumwamkia. Akamwambia kwamba kwake nafasi ipo, watoto watabanana, na kwamba moyo unamuuma.

"Nitakuja, mwanangu, na nashukuru," shangazi akasema, akikamua shati. "Ila nijibu, wewe uliyesomea. Pale nimekaa miaka thelathini na mbili. Nimezalia pale, nimezikia pale. Dalili zangu mimi anazipima nani?"

Mpima vijito aliona haya. Akanyanyua miguu, shangazi apate kusuuza.