Kiziwi wa Shianda

Navalayo alijisifu kwamba Shianda nzima hakuna mtoto anayemshinda kumbembeleza. Alimwambia hivyo mwanamke aliyeketi naye kwenye benchi la ofisi ya kupima watoto, mjini Kakamega, huku amejifunga kamba kiunoni, na mwisho wa ile kamba yuko mwanawe Bravin, miaka sita, anavuta kama ndama aliyeonyeshwa mnada.

"Watoto wa wengine, lakini," akaongeza. "Huyu wangu bado tunajuana."

Bravin hakuwa na neno, hata la kumwita mama. Miguu ndiyo alikuwa nayo, na trekta za miwa hazisimami kuuliza mtoto ni wa nani. Ndiyo sababu ya kamba. Mchana kutwa alipanga vifuniko vya soda mstari mmoja kando ya ukuta. Ukisogeza kimoja, alilia mpaka ng'ombe wakaacha kula. Awinja, mama mkwe, akaamua kwamba mtoto amekataa jina: ni marehemu babu Shikanga anayetaka kuitwa. Jogoo akachinjwa, wazee wakala kuku kwa ugali, ingokho na obusuma, wakapangusa midomo, na Bravin akawa Shikanga. Asubuhi yake mtoto alirudi kwenye vifuniko. Jogoo hakurudi.

Ndipo Navalayo alipomleta hapa mara ya kwanza. Afisa wa kupima, Bwana Phanuel, mtu wa tai na shingo nene, alisoma jina kwenye kadi ya kliniki, akasimama nyuma ya mtoto, akaita, "Bravin." Akagonga meza. Bravin alikuwa anatazama jua likicheza kwenye kioo cha saa ya ukutani. Hakugeuka.

"Kiziwi," akasema afisa, akaandika.

Navalayo akajaribu kumweleza kwamba nyumbani siku hizi anaitwa Shikanga, na hata hilo haitikii, lakini trekta anaisikianga kabla ya mbwa, na mvua ikipiga mabati anaziba masikio.

"Mama, kati yangu na wewe, nani amesomea masikio?"

Akapiga mhuri.

Shule ya viziwi haikukaa naye hata hadi chakula cha mchana. Mlango ulijibamiza, Bravin akaziba masikio akajificha chini ya dawati, na mwalimu akasema huyu anasikia kuliko yeye, apelekwe kwingine. Kwingine palikuwa kwa mwalimu Milcah, aliyekuwa na darasa dogo la watoto walioshindikana, kwenye shule ya msingi karibu na soko. Milcah alimwacha Bravin apange chaki za darasa zima, asimsumbue. Akamwambia Navalayo kwamba kwenye semina walisikia habari za watoto wa namna hii, wana jina lao, otizimu, na wanafundishika. Nafasi ilibaki moja. Ila Milcah hakuruhusiwa kumpokea mtoto aliyeandikwa kiziwi. Bwana Phanuel abadilishe lile neno kabla ya Jumatatu, shule zinapofunguliwa. La sivyo nafasi inakwenda kwa mwingine.

Neno moja tu. Lakini kila Navalayo alipokuja, afisa alikuwa Nairobi. Alikwenda Nairobi hata siku ambayo koti lake lilibaki Kakamega, limening'inia kwenye kiti.

Leo ilikuwa Ijumaa. Karani, Dinah, alipita na birika na vikombe viwili, akaingia ofisi ya ndani. Wanawake wa benchi walitazamana: kumbe Dinah ana vinywa viwili. Bravin akaacha kuvuta. Alikuwa ameweka paji la uso kwenye mbao za mlango, ametulia tuli.

Dinah akatoka, akaurudisha mlango bila kuufunga. "Afisa yuko Nairobi. Mrudi wiki ijayo."

"Wiki ijayo ni yako, dada," akasema Navalayo. "Yangu inaisha leo."

Hapo Bravin akakohoa. Kilikuwa kikohozi kizito, cha mtu mzima mwenye shingo nene. Kisha akasema, kwa sauti ileile, neno kwa neno:

"Waambie niko Nairobi. Ongeza sukari."

Hakuna aliyecheka. Miaka sita Navalayo alingoja neno la kwanza la mwanawe, na limekuja, likiwa la Phanuel. Akasimama, akausukuma mlango kwa kiganja, na benchi zima likamfuata.

Bwana Phanuel alikuwa na andazi mkononi. "Nani amewaruhusu kuingia ofisi ya serikali?"

"Bwana afisa," akasema Navalayo, "yule kiziwi wako amekusikia."

Afisa akapangusa midomo, kama wale wazee wa jogoo. Alisema ndio ameingia saa hii. Safari ilikuwa ndefu, alisema, hata viatu hajavua.

"Umepitia wapi, na sisi tuko mlangoni tangu asubuhi?"

"Mlango wa nyuma."

Wanawake wakatazama nyuma yake. Palikuwa na kabati, na ukuta, na dirisha dogo lenye vyuma. Dinah alitazama ndani ya birika.

"Mlango upi, bwana?"

Kamba ilikuwa imelegea. Bravin alikuwa amefika mezani, anapanga mihuri ya serikali mstari mmoja, kutoka mkubwa hadi mdogo. Hakuinua macho. Alikohoa kile kikohozi kizito.

"Waambie niko Nairobi," akasema.