Shangazi Anauza, Mimi Napeleka Maoni

Siku tuliyosikia kwamba Shangazi anauza nyumba yake, mama yangu alikuwa anafua nje ya vyumba vyetu viwili vya kupanga. Alilikamua shati langu kama anamnyonga mtu, akasema, "Mungu amjalie apate mteja mzuri." Kisha akalikamua tena shati lilelile, ambalo halikuwa na tone la maji. Mimi nilikuwa nimeshapata kazi kwa dalali aliyekabidhiwa nyumba ile, na nilikuwa na mipango yangu.

Ngoja nieleze chuki hii ilikotoka, msije mkaniona sina adabu. Adabu ninayo, ila naiweka kwa ajili ya watu wengine.

Baba alipofariki, mama alilazimika kuuza nyumba yetu. Wanunuzi wakaanza kuja, na kila walipokuja walimkuta Shangazi, dada yake baba, ameshaketi barazani, macho mekundu ya msiba. Mtu akiuliza jambo, Shangazi hasubiri swali liishe. "Mimi sifichi," anasema. "Kaka yangu nilimpenda, lakini kujenga alikuwa hajui. Mvua ikinyesha humu wanalala na ndoo. Na ule ufa nyuma ya mlango mmeuona? Bado unakua." Ufa ulikuwepo, sikatai. Ndoo ilikuwa moja, tena kabla hatujabadilisha bati. Lakini ukweli wa Shangazi una hamira, ukiuacha kidogo unaumuka. Watu wakawa wanaishia getini. Mwishowe nyumba ilikwenda kwa bei ya kutupa, na aliyeiokota alikuwa shoga yake Shangazi, yule anayesukana naye nywele. Hakuna aliyeshangaa isipokuwa mama.

Tangu siku hiyo nilitaka kitu kimoja tu: Shangazi afungue kinywa chake mwenyewe amwambie mama, wifi, nilikukosea. Basi. Mama alikuwa hataki hata tulizungumze. "Mwachie Mungu," ananiambia. Nami namjibu kwamba Mungu ana kazi nyingi, hii moja naweza kumsaidia.

Dalali tulimwita Mzee Funguo. Kiunoni ananing'iniza rundo la funguo za nyumba za watu, akicheka na zenyewe zinacheka. Ana sheria moja ambayo madalali wenzake wanamwona kichaa kwa ajili yake. Watazamaji wakija, mwenye nyumba anatoka, anakwenda zake kwa jirani. Wakishaondoka, kila walichosema anapelekewa yeye vilevile kilivyosemwa. "Nyumba haiuziki mpaka mwenyewe aambiwe," husema. "Mwenye nyumba ni kama mzazi wa mtoto mkorofi. Yeye pekee ndiye hajui." Kazi ya kupeleka aliniachia mimi, kwa sababu nasikia mara moja na narudisha kwa sauti ya mwenyewe, kikohozi chake kikiwemo. Shuleni niliwaigiza walimu mpaka wengine wakawa wanakuja kuniuliza mwenzao amesema nini. Mzee Funguo akanibandika jina la Kasuku.

Shangazi alipoambiwa kwamba Kasuku mwenyewe ni mimi, alifurahi. "Afadhali," alisema. "Damu yangu hii, haiwezi kuniangusha." Alikuwa na haraka. Kulikuwa na nyumba ya ghorofani karibu na binti yake, mwenye nayo kamshikia mpaka mwisho wa mwezi. Bila kuuza hii, ile inakwenda kwa mwingine.

Mpango wangu ulikuwa mwepesi: nitunge matusi, nimpelekee kama maoni. Usiku nilijilaza nikiyapanga moja moja, mengine mazuri mpaka nikawa nacheka peke yangu. Basi wakaja watazamaji wa kwanza, mwalimu wa hesabu na mkewe mjamzito, na matusi yangu yote yakakosa kazi. Sikuwa na lolote la kuongeza.

"Mke alisimama sebuleni," nilimwambia Shangazi jioni, nikashika kiuno na kutanguliza tumbo, "akasema hivi: 'Baba, rangi hii ni ya ini. Nikikaa humu mtoto atazaliwa amenuna.'"

Shangazi akaweka kikombe chini.

"Na mwalimu akasema," nikabadilisha sauti, nikavuta miwani nisiyokuwa nayo, "'Swali langu ni dogo. Aliyechora ramani hii alikuwa amekaa upande gani? Maana mlango wa choo unafunguka jikoni. Mtu akiwa chooni anaonana ana kwa ana na anayekaanga vitunguu.'"

"Ramani niliibadilisha mimi mwenyewe," alisema Shangazi. "Fundi alikuwa mbishi. Nilimtoa."

"Mwalimu alihisi hivyohivyo. Alisema nyumba hii ina dalili za fundi kukimbia."

"Wewe unatia chumvi."

"Naapa, Shangazi. Tena nimepunguza."

Na kweli nilikuwa nimepunguza. Waliyosema kuhusu harufu ya koridoni sikuyagusa kwanza, nikayaweka akiba.

Wakaja wengine. Dereva mstaafu hakuangalia hata chumba kimoja. Alisimama getini, akazungusha usukani hewani mara hii na ile, akasema gari likiingia humu litazikwa humuhumu. Fundi cherehani alikuja na futi yake ya kamba, akapima madirisha, akauliza kama ni ya kupitisha hewa au ya kupitishia barua. Yote nilimpelekea Shangazi. Futi nikaiigiza, usukani nikauigiza. Nyani haoni kundule, wazee walisema, basi mimi nikawa kioo. Kila jioni aliketi kwenye kochi lake, mimi mbele yake kama mtoto wa shule anayekariri, na kila jioni nilimwona anapungua kidogo. Nilikuwa narudi nyumbani nalala usingizi mtamu, Mungu anisamehe akipata nafasi.

Lakini Shangazi hakuwa mtu wa kushindwa na maneno ya watu. Akaamua kwamba mwongo ni mimi.

"Watu wenye akili zao hawawezi kusema hivyo," alimwambia Mzee Funguo. "Huyu mtoto ana kinyongo cha mama yake."

"Wewe una neno gani ulilomfanyia mama yake?" aliuliza Mzee Funguo.

"Sina."

"Basi hana kinyongo," alisema mzee, na funguo zikacheka.

Jumamosi akaja muuguzi wa hospitali kubwa pamoja na mkwewe, mama wa mumewe, mwanamke mfupi aliyevaa viatu vya raba na kushika fimbo ambayo hakuihitaji. Hawa walikuwa wanunuzi wa kweli. Unawajua wanunuzi wa kweli kwa jinsi wanavyofungua bomba na kusubiri. Nilibisha hodi, nikaita, kimya. Nikadhani Shangazi amekwenda kwa jirani kama sheria inavyotaka.

Tukazunguka. Sebule, jikoni, choo kinachosalimiana na jikoni. Tukafika chumba kikubwa cha kulala, chenye kabati la ukutani kutoka sakafuni mpaka juu, kitu pekee ndani ya nyumba ile ambacho kila mtazamaji alikisifia. Hapo nikaona jambo. Chini ya mlango wa kabati, kitambaa cha maua ya zambarau kilikuwa kimebanwa, kipande cha upana wa kiganja. Gauni lile nalijua. Ndilo alilolivaa barazani kwetu.

Shangazi alikuwa kabatini. Amekuja kusikia kwa masikio yake. Mtu amejenga nyumba, ameishi humo miaka yote, na hajui kwamba kitu cha kwanza mnunuzi anachokifungua ni kabati.

Nikasogea, nikaegemeza mgongo wangu kwenye ule mlango, taratibu, kama mtu aliyechoka.

"Enhe, mama zangu," nikasema kwa sauti ya kutosha, "semeni bila woga. Mwenyewe hayupo."

"Nyumba si mbaya," alisema muuguzi. "Mahali ni pazuri, na maji yana nguvu."

Sikuipenda sana hiyo. "Na harufu?"

"Ah, harufu," alisema mkwewe. "Nilikuwa nastahi. Koridoni panatoka unyevu. Mtu ameziba ukuta kwa vigae badala ya kuuponya. Ni sawa na kumpaka poda mgonjwa wa homa."

"Mwenyewe mnamwonaje, kwa jinsi nyumba ilivyo?"

"Mtu asiyeambilika," alisema yule mama, hakufikiri hata kidogo. "Nyumba nzima inasema: nilimwambia fundi hivi, akataka vile, nikashinda mimi."

Nyuma ya mgongo wangu mbao zilitoa sauti ndogo. Muuguzi akageuza shingo. "Panya?"

"Wakubwa," nikasema. "Lakini wapole."

Hapo ningeweza kuwatoa. Sikuwatoa. Nilikuwa na wasikilizaji wawili waliosimama na mmoja aliyefungiwa, nafasi ambayo mtu haipati mara mbili.

"Mama," nikamwambia yule mkwe, "wewe unaonekana mtu wa haki. Nikuulize. Kuna mjane mmoja namjua, alikuwa anauza nyumba yake. Wanunuzi wakija, wifi yake yuko barazani. Anawaambia paa linavuja, ukuta unapasuka, kaka yangu hakujua kujenga. Anasema eti yeye ni msema kweli. Watu wakakimbia wote. Nyumba ikachukuliwa na rafiki wa huyohuyo wifi, kwa bei ya mbuzi mgonjwa. Mjane sasa anapanga foleni ya choo na wapangaji wenzake. Huyo wifi ungemwambiaje?"

Yule mama aliisimika fimbo sakafuni. "Mjane ni nani yako?"

"Mama yangu mzazi."

"Huyo wifi nisingemwambia kitu," alisema. "Hata salamu nisingempa. Ukweli unaosemwa ili mtu akose, huo si ukweli, ni wizi wenye ulimi mzuri."

Kabatini hata panya aliacha kupumua.

"Hebu tuone ndani ya hilo kabati," alisema muuguzi, mkono umeshanyooka.

"Limekwama," nikasema. "Anzeni na ua wa nyuma, kuna tangi jipya la maji. Nawalainishia bawaba hapa, mkirudi mnalikuta wazi."

Wakatoka. Fimbo ikasikika ikigonga koridoni, ko, ko, ikasimama kwenye unyevu, ikaendelea. Nikageuka, nikauweka mdomo kwenye upenyo wa mlango.

"Shangazi, hujambo?"

"Mtoto wa kaka yangu. Nitoe humu."

"Sijakufungia. Unaweza kutoka sasa hivi, mkutane njiani. Au ukae, warudi, wakufungue. Wanataka kununua hawa, ila sijui kama wanataka kabati lenye mtu."

"Unataka nini?"

"Unakijua."

Nikapiga simu. Mama akaitika "haloo" huku nyuma yake ndoo zinagongana. Nikamwambia kuna mtu anataka kumsalimu, nikawasha spika, nikaiweka simu penye upenyo.

"Wifi," ilisema sauti ya ndani. "Habari za siku nyingi."

Ndoo zikanyamaza. "Nzuri," alisema mama. "Mbona sauti yako kama iko pangoni?"

"Niko ndani."

"Ndani ya wapi?"

"Ndani tu, wifi." Nikagonga mlango kwa kidole, taratibu. Akavuta pumzi. "Nilikuwa nasema, ile nyumba yenu. Yale maneno pale barazani. Huenda nilizidisha."

"Huenda?" nikasema.

"Nilizidisha. Nilikukosea, wifi. Nisamehe."

Nilikuwa nimeisubiri sentensi hiyo muda mrefu hata ilipokuja nikaiona fupi. Nikangoja mama alie, au aseme mwachie Mungu, au yamekwisha, wifi yangu. Mama nilimjua hivyo maisha yangu yote.

"Mtandao mbaya," alisema mama. "Sijakusikia. Rudia."

Nikaangalia simu. Mtandao ulikuwa umejaa mpaka juu.

"Nimesema nisamehe."

"Kwa lipi?"

"Kwa kuwafukuza wanunuzi."

"Unakatikakatika, wifi. Sema kwa nguvu kidogo. Anza pale kwenye kaka yako hakujua kujenga."

Shangazi akaanza upya, kwa sauti kubwa, kabati zima linavuma. Akasema kaka yake alijua kujenga. Akasema ndoo ilikuwa moja. Mama akauliza bati lilibadilishwa lini, akajibu. Mama akauliza nyumba ilichukuliwa na nani, na hapo Shangazi alikwama kidogo kabla ya kumtaja shoga yake, na mama akasema, "Jina hilo halijafika vizuri, lirudie," na likarudiwa. Sikujua mama yangu ana kipaji hiki. Mimi wa kutunga matusi usiku kucha, kumbe mwalimu wangu alikuwa anafua nje.

Nilikuwa nimezama mno hata sikuisikia fimbo. Nilipogeuka, yule mkwe alikuwa mlangoni, ameegemea, hana haraka. Sijui alisimama hapo kwa muda gani, ila uso wake ulikuwa wa mtu aliyesikia majina yote. Muuguzi alikuwa nyuma yake, mkono mdomoni.

"Ndiye huyo?" aliuliza yule mama, akaelekeza fimbo kabatini.

"Ndiye," nikasema.

Akaja mpaka kwenye kiti cha pembeni ya kitanda, akaketi, akailaza fimbo magotini. Ndani ya kabati Shangazi alikuwa bado anaomba msamaha kuhusu ufa wa nyuma ya mlango.

"Nyumba tunaitaka," alisema yule mama. "Mwache amalize na mama yako kwanza, usimkatishe. Akitoka, mwambie nimekaa hapa, tuzungumze bei."