Mabula wa Kulia, Mabula wa Kushoto

Jumamosi saa nne asubuhi Noela, mwalimu wa fizikia mjini Geita, alimwomba mumewe, Mabula, amshikie fuwele ya perovskaiti huku yeye akiunga nyaya za betri. Fuwele ile ikiguswa na umeme, chaji zake husogea upande mmoja na kubaki huko. Hapo elektroni zilizokuwa na nishati sawa hutengana: zinazozunguka kulia hukaa kanda yao, za kushoto kanda yao.

Waya wa pili ulipoigusa fuwele, Mabula naye akatengana. Mmoja alielekea kugeukia kulia, mwingine kushoto. Wote wawili waliuliza kama chai ipo.

Waligawana kazi. Wa kushoto alilima mihogo, wa kulia alishuka duarani, shimo la wachimbaji, kuchimba dhahabu. Wiki ya tatu duara lilititia, wa kulia akiwa chini.

Noela alimfuata Bujiku, mwenye duara, kibandani kwake.

"Shikamoo. Mume wangu yuko chini."

"Marahaba, mwalimu. Mumeo si huyo nyuma yako?"

"Huyu ni wa kushoto."

Bujiku alifungua daftari la waliotoka salama, akamwita Mabula asaini. Mabula alisaini, maana jina lilikuwa lake. Mashine ya kufukua, iliyokuwa njiani, ikarudishwa.

Nyumbani, Noela aligeuza nyaya za betri. Chaji zikahamia upande wa pili, na mizunguko ikabadilishana. Mabula aliyekuwa sebuleni akageukia kulia. Nguo zake zilikuwa zimelowa, kucha zimejaa udongo. Alikula ugali wote.

"Mwenzangu yuko wapi?"

"Ulikotoka."

Akanawa mikono. "Jioni umrudishe. Kule hewa ni ndogo."

Tangu hapo Noela hugeuza nyaya mara mbili kwa siku, kabla ya vipindi na baada ya kusahihisha madaftari. Anayeondoka hujaza mifukoni michembe, viazi vikavu vya kutafuna gizani.

Bujiku alifukia mdomo wa shimo, akafungua jingine hatua ishirini pembeni, akamwajiri Mabula aliyekuwa juu. Siku ya nne Marwa, mchimbaji mwenzake, alisikia kitu kikigonga ndani ya mwamba.

"Nani huyo?"

"Ni mimi," alisema Mabula aliyekuwa kando yake.

Walipeleka habari juu. Bujiku akajibu kwamba dhahabu inaelekea upande mwingine. Marwa akahamishia nyundo na patasi ukuta wa pili. Mabula aligonga mwamba mara tatu, kujibu, kisha akamfuata.