Korongo Lisilo na Mdudu

Miaka tisa Halake aliandikisha wadudu, na miaka yote tisa alidanganya jambo moja tu, mahali.

Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi. Dakta Nasteha, mtafiti kutoka Garissa, alimpa simu na kumwonyesha mbawakawa anayemtaka: mdogo, mweusi, ukimlaza chali hujifyatua kwa mlio wa "ta!" na kuangukia miguu. Ukimwona unampiga picha, simu inaweka alama ya mahali. Halake aliwaokota korongoni, chini ya mawe ya kando ya chemchemi, akawatia kwenye mkebe wa majani ya chai, akapanda nao saa nzima hadi Kilima cha Dibe, mwamba mtupu ambapo hata kuku asingepata kivuli. Huko ndiko alikobonyeza simu na kuwapiga picha.

Msimcheke. Kwao mgeni hupewa maziwa, hutandikiwa mkeka, lakini haonyeshwi maji. Ukimwonyesha leo, kesho atarudi na ngamia mia wa shemeji zake. Na chemchemi ile ndiyo iliyowaweka hai mbuzi wa Halake wakati mbuzi wa wenzake walipogeuka mifupa kwenye njia ya Griftu.

Mwaka huu, mvua ikiwa imekosekana misimu mitatu, wakaja watu wa kokoto wakitaka kupasua milima. Ikatangazwa kwamba penye mbawakawa yule adimu hapataguswa. Nasteha alifika na ramani, uso umechangamka, akamwambia Dibe imeokoka. Korongo limetolewa kwa watu wa kokoto, kwa kuwa miaka tisa halikuonekana na mdudu hata mmoja.

Mficha uchi hazai. Halake aliketi chini, kisha akaeleza yote, hata habari ya mkebe.

"Daktari, hiyo wadudu yote iko kwa korongo. Dibe hakuna kitu."

Nasteha hakumgombeza, na ingekuwa afadhali angemgombeza. Alimwomba amletee mmoja tu, aliye hai, kabla ya kikao cha Alhamisi cha kuamua milima ipi ipasuliwe. Siku nne Halake aligeuza mawe mpaka kucha zikatoka damu. Lakini wadudu wale hutoka na mvua, na mvua haikuwapo. Aliambulia maganda sita makavu, akayapeleka kikaoni yamefungwa kwenye kitambaa.

Mwenyekiti wa kikao aliyatazama, akauliza watajuaje kwamba hayakubebwa kutoka kwingine, maana mbebaji mwenyewe amekiri. Nasteha naye alikuwa mtu wa haki, na haki yake ndiyo iliyowamaliza. Alisimama akasema kumbukumbu zote za Halake, za miaka yote tisa, hazifai tena na anaziondoa.

"Nisamehe, adeer," alimwambia nje, akimwita ami kwa heshima. "Siwezi kutetea nisichokiamini."

Basi hata Dibe ikatolewa. Kusema kweli kwa Halake hakukuokoa korongo, kulipoteza na kilima.

Jumatatu mashine zilishuka korongoni, na kufikia adhuhuri chemchemi ilikuwa tope jeupe. Mkewe, Tiya, alirudi na madumu matupu, akamwuliza kesho mbuzi watanyweshwa wapi. Halake alisema hajui, na safari hii ilikuwa kweli.