Dume la Mninga Halipokelewi

Samia alinijia Jumatatu asubuhi nikiwa nimekaa kibarazani nachambua choroko.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Mbona macho mekundu hivyo?"

Si mjukuu wangu wa damu. Babu yake alikuja Kahama na mzigo wa vitenge kutoka Pwani akasahau kurudi, nasi tumekuwa majirani hapa Nyahanga tangu Samia akiwa wa kubebwa. Siku hizi ana kazi katika jumba la sanaa, lile jengo la njano lililokuwa ghala la pamba. Kazi yake ni kuona kwamba kila mtu anaingia na kujifunza: asiyeona, asiyesikia, asiyetembea, na sisi tulioishia darasa la saba. Mimi alinipa cheo cha mlezi wa wageni. Maana yake nakaa mlangoni, nasalimia, naonyesha choo kilipo.

"Bibi," akasema, "wanataka kukichukua chumba changu."

Chumba chenyewe nakijua vizuri, nilisaidia kukideki. Ngazi tatu za mlangoni ziliondolewa ukajengwa mteremko. Maelezo ya ukutani yana herufi kubwa kama za tangazo la mnada, na chini yake kuna nundunundu za kusomwa kwa vidole. Ndani mna sanamu kumi na moja, na hizo huambiwi usiguse, unaombwa ushike. Lakini kamati ya jumba ilikuwa imehesabu dakika. Wageni wanaingia, wanapapasa kidogo, wanasema "pazuri, asanteni," na kabla ya dakika kumi wako nje. Basi kamati ikaona heri kiwe chumba cha kuwekea viti vya plastiki vya mikutano. Wangekuja Alhamisi kujionea mara ya mwisho. Wakikuta watu wamenyamaza kama wako matangani, viti vinaingia.

"Nimewaandalia maswali," Samia akasema. "Nikiwauliza 'mnajisikiaje mkishika sanamu hii?' wananijibu 'vizuri.' Wote. Vizuri, vizuri, vizuri!"

"Mwanangu, mgeni gani atakwambia nyumba yako ina nyufa? Wewe unawakaribisha na maji ya kunywa, wao wana adabu. Alhamisi niachie mimi niite watu."

Jioni hiyo nikaenda kwa Mzee Nkwabi. Ni mtu wa Kishapu, anaishi hapa kwa binti yake tangu macho yalipomwisha. Kwao alikuwa anaitwa kila posa, yeye ndiye wa kuwapokea ng'ombe wa mahari upande wa mwanamke. Alianza kazi hiyo akiona, akaimaliza haoni, na watu wanasema alipokuwa haoni ndipo alipokuwa mkali zaidi. Nikamwambia mjini kuna dume la ng'ombe la mti wa mninga, na mwenye kulichonga anajisifu halina kasoro.

"Nani anasema?" akauliza, akanyoosha mkono kutafuta fimbo yake saa ile ile.

"Kesho kutwa kesho yake, mzee. Kaa kwanza."

Alhamisi tukawa kumi na wawili. Alikuwepo Mzee Nkwabi. Alikuwepo Masalu wa kiti cha magurudumu, fundi redio mwenye mdomo usiochoka. Alikuwepo Zipora, fundi cherehani asiyesikia, na mdogo wake Asteria anayemtafsiria kwa ishara. Wengine walikuwa majirani zangu tu waliokuja kwa sababu niliwaambia kuna chai. Kamati walikuwa wawili: mwenyekiti, Mama Agnetha, mwalimu mstaafu mwenye miwani ya mnyororo, na katibu wake Adam mwenye daftari. Walikaa pembeni, kwenye viti vya plastiki. Nikavitazama vile viti kwa jicho baya.

Marselino mchongaji alikuwepo pia, amesimama karibu na dume lake kama baba wa bwana harusi. Kijana wa Geita, aliwahi kuchimba dhahabu kule Bugarama kabla hajaacha sururu akashika patasi.

Samia akaanza kugawa glovu nyeupe, ndiyo kanuni ya jumba. Mzee Nkwabi akapapasa ile glovu.

"Hiki nini?"

"Glovu, babu. Za kushikia sanamu."

"Nimshike ng'ombe na soksi?"

Masalu akacheka hadi kiti kikarudi nyuma. Samia akamtazama mwenyekiti, mwenyekiti akatazama dari. Nikaleta beseni na sabuni, mzee akanawa mikono mpaka kwenye viwiko, akajifuta kwa khanga yangu, akapelekwa kwa dume.

Hakuanza na kichwa kama wageni wengine. Alianza nyuma, kwenye mkia, akapanda mgongoni, akapima nundu kwa shubiri, akashuka shingoni, akashika pembe, akarudi chini akapapasa kwato moja moja. Chumba kimya. Samia ameshika karatasi yake ya maswali. Mama Agnetha akatazama saa. Nikajua anahesabu.

Mzee akanyanyuka taratibu.

"Yaya," akasema. Ndivyo Wasukuma tunavyokataa. "Ng'ombe huyu hapokelewi."

Marselino akafumbua mdomo, akaufumba. Ni Msukuma naye. Ng'ombe wako akikataliwa mbele za watu, huwezi kubishana mwenyewe, lazima usemewe. Akageuka huku na huku kama mtu aliyeangusha funguo, na Masalu akasukuma kiti chake mbele.

"Wazee wetu," Masalu akasema kwa sauti ya mshenga kabisa, "sisi tumetoka mbali na mnyama wetu. Tuonyesheni kasoro."

"Pembe ni za mzee, kwato ni za ndama. Kazaliwa lini huyu? Miguu ilikuja baadaye?"

"Huyu alikulia kwenye majani laini. Kwato hazikulika."

"Majani laini ya wapi, Kishapu? Na nundu imekaa nyuma kama mtoto anabebwa!"

"Ndiyo mtindo wa Geita!"

"Geita mnafuga nini, mashimo?"

Pakalipuka. Waliokuja kwa chai wakagawanyika wenyewe bila kuambiwa, hawa upande wa mwanamke, wale upande wa mwanamume, na kila mmoja akataka kushika ili apate la kusema. Huyu anapima mgongo, yule anagonga ubavu asikie kama umeshiba. Vidole vya Asteria vilikuwa vinakwenda mbio kumtafsiria dada yake. Zipora alikuwa ameinama anachungulia chini ya dume. Akanyanyuka, akafanya ishara moja tu, fupi, kwa mikono miwili.

Asteria akaziba uso kwa mtandio. "Hiyo sisemi."

"Amesema nini?" akauliza Mzee Nkwabi.

"Ametaja kasoro."

"Kasoro gani?"

"Shika mwenyewe, babu."

Mzee akainama, akapitisha mkono pale ambapo yeye, kwa heshima, alikuwa amepita bila kupapasa. Akapitisha tena. Halafu akavua kofia.

"Ndugu zangu," akasema kwa huzuni ya kweli, "mmetuletea dume la jina tu."

Mimi ni mtu mzima, nimezika na nimezalisha, lakini nililazimika kushika ukuta kwa kicheko. Masalu akamgeukia Marselino: "Bwana, hapa mimi nakusemea nini?"

Marselino jasho likamtoka. "Nilichonga!" akapiga kelele. "Nilichonga vizuri kabisa! Niliambiwa niondoe!"

"Na nani?"

Akanyoosha kidole kwenye viti vya plastiki.

Mama Agnetha akashika mnyororo wa miwani. "Kuna wanafunzi wanaokuja hapa," akasema. "Kamati iliona ni busara."

"Wanafunzi wa wapi?" akauliza Masalu, amekwisha kuhama upande. "Wa Kahama? Hao asubuhi hawajafungulia ng'ombe?"

"Ni suala la maadili, ndugu!"

"Mama," Mzee Nkwabi akasema kwa upole, "kwa hiyo huyu dume ni wenu nyinyi. Nyinyi ndio waoaji."

Mama Agnetha alikuwa amesimama. Alijibu kwa hoja, akajibiwa kwa hoja. Akasogea, akashika pembe mwenyewe kutetea kwato, bila glovu. Adam ameacha kuandika. Dakika zilikuwa zimefika tisini na hakuna aliyeikumbuka chai. Mwisho mwenyekiti akapiga makofi mawili ya kiualimu.

"Subirini! Tunagombana hapa tangu saa nne. Anayeolewa ni nani?"

Ni kweli, hatukuwa tumefika huko. Watu wakatazamana. Samia alikuwa amebana ile karatasi kifuani, anamtazama Mama Agnetha kama mtu anayengoja majibu ya hospitali. Nikaona nisipolisema mimi halitasemwa.

"Ni chumba hiki, mama," nikasema. "Ndiye binti yetu. Tumesikia mnamtaka akatunze viti."

"Ng'hana!" akaitikia Mzee Nkwabi, yaani ndiyo kweli yenyewe. "Mnamtaka binti mzima, mnaleta dume namna hii? Hatoki nyumbani."

Mama Agnetha akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Mabega yakaanza kucheka kabla ya mdomo. Akamtazama Samia, akatazama beseni, akatazama Zipora ambaye alikuwa anarudia ile ishara yake kwa aliyechelewa kuiona.

"Hivi viti tutavipeleka wapi?" akasema, kama anajiuliza mwenyewe.

"Hilo ni la waoaji," akasema Masalu.

Adam akafungua daftari. "Mwenyekiti, kwenye muhtasari niandikeje?"

Mama Agnetha akafikiri kidogo.

"Andika posa imekataliwa."

Samia akakaa chini sakafuni pale pale, na ile karatasi yake ya maswali, akalia na kucheka kwa pamoja. Mzee Nkwabi alikuwa amekwisha kuomba apelekwe kwenye sanamu ya pili. Ilikuwa ya mwanamke anayetwanga. Akashika mchi, akatikisa kichwa.

"Huyu naye," akasema, "nani alimfundisha kutwanga?"