Asali Isiyovuka Mpaka

Tangu tumzike Baba mwezi wa tatu, nikifumba macho simwoni kitandani hospitalini. Namwona kwenye usukani, ameinua kidole kimoja.

Kidole hicho kilikuwa salamu. Kwenye uwanda mkavu wa Nullarbor, kusini mwa Australia, kila anayekokota karavani humwinulia kidole mwenzake anayekuja, na Baba hakumkosa mtu. Mdogo wangu Brett alivihesabu kwa sauti kutoka kiti cha nyuma, mpaka Mama akamwambia akifika mia moja atashushwa amalizie kwa miguu.

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Karavani yetu ilikuwa kinyumba kikuukuu cha bati, vitanda vinne na jiko, na vumbi lilikuwa limeingia mpaka kwenye siagi. Tulitoka Clare kwenda Norseman, upande wa Magharibi, kwa Shangazi Rhonda, dada pekee wa Baba. Babu, baba yao, alikuwa amefariki miezi minne kabla. Siku ya mazishi Shangazi alikuwa kalazwa, mguu umefungwa plasta. Alipopiga simu baadaye hakuomba saa ya Babu wala picha. Aliomba asali yake.

Babu alifuga nyuki miaka hamsini. Kabla mizinga haijauzwa, Baba alirina mara ya mwisho, akajaza kopo la kilo nne, akalizungushia taulo na kulisukuma chini ya kitanda changu. Hakukuwa na jingine. Kila tulipopita kwenye mashimo aliniuliza, "Kerryn, abiria wangu mzima?" Hakuwa anamuulizia Brett.

Alasiri ya siku ya tatu tuliegesha kwenye kituo cha mafuta cha mwisho kabla ya mpaka wa jimbo la Magharibi. Jirani yetu alikuwa mzee mmoja, Keith, na kambwa kake kenye kibandiko mguuni, wakirudi Mashariki. Baba hakuchukua dakika tano kabla ya kumsimulia habari za asali.

"Na kesho unavuka?" Keith akauliza.

"Kesho navuka."

"Na asali?"

"Na asali."

"Basi ilambe vizuri leo, bwana wee. Pale wanakagua hadi soksi. Matunda, viazi, asali, vyote pipani. Mke wangu walimnyang'anya vitunguu, mpaka leo anavililia."

Baba alicheka. Kisha akashika kiuno. "Mungu wangu," akasema. "Nilijua hilo. Nimelijua tangu mdogo."

Mama alikuwa ndani, akimenya karoti ambazo nazo zilikuwa na siku moja tu ya kuishi. Baba aliingia akafunga mlango kama mwizi.

"Glenys, ile chupa ya shampuu imebaki kiasi gani?"

"Nusu. Kwa nini?"

"Ukiimwaga, ukaiosha..."

"Des Polkinghorne. Unataka kumpelekea dada yako asali yenye povu?"

"Basi tanki la maji."

"Ili tuoge nayo."

"Basi Kerryn alale juu yake ajifanye mgonjwa."

"Mimi?" nikasema.

"Una sura ya mgonjwa tayari," Brett akasema. Nikampiga karoti.

Mama aliweka kisu chini. Alikuwa mtu wa maneno machache, karani wa shule, na alipoweka kitu chini ulijua yanakuja. "Wewe ndiye uliyenisimulia baba yako alivyochoma mizinga kumi na mmoja mwenyewe, kwa ugonjwa wa nyuki ulioletwa na asali ya mtu. Ulisema ndiyo siku pekee uliyomwona akilia. Sasa huko ng'ambo nako kuna wazee na mizinga yao. Haya, vuka na kopo lako."

Baba aliketi kitandani pangu, miguu ikigusa lile taulo. Alikaa hivyo mpaka karoti zikaisha kumenywa.

"Nilimwahidi Rhonda, Glen. Hakumzika Baba. Nilimwambia angalau asali hii utaionja."

"Najua."

"Nikifika mikono mitupu nitamwambia nini?"

Brett ndiye aliyesema, mdomo umejaa karoti, "Si aje yeye kula huku?"

Tulimcheka. Baba hakucheka. Alitoka mbio kwenda kwenye simu ya sarafu, nasi tukamfuata kundi zima, pamoja na kambwa ka Keith.

"Rhonda? Mimi. Hapana, hatujaharibikiwa na gari. Sikiliza, asali haivuki." Akasikiliza. "Ndiyo, najua mimi ni mjinga. Ndiyo, na nilipokuwa mdogo pia. Rhonda, njoo wewe. Kesho tutakuwa pale mpakani, upande wetu. Kilomita mia saba na ishirini." Akasikiliza tena. "Kwa asali, ndiyo."

Sarafu zikaisha.

"Kasema nini?" Mama akauliza.

"Kasema, 'Una wazimu, Des,' halafu simu ikakatika."

"Hiyo ni ndiyo au hapana?"

"Kwa Rhonda? Hata mume wake hajui."

Kesho yake saa nne asubuhi tulikuwa tumeshaegesha mita mia mbili kabla ya kizuizi cha ukaguzi, karibu na ile sanamu kubwa ya kangaruu. Baba alitandaza kitambaa mezani, akaliweka kopo katikati, akaketi akiangalia Magharibi. Mama akaoka skonzi. Saa sita akaoka nyingine, kwa kuwa zile za kwanza Brett alikuwa amezionja zote kuhakikisha zimeiva. Asali hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Malori ya matrela matatu yalipita na upepo wake, karavani ikatikisika. Kila gari dogo lililotokea Baba alisimama, na kila lilipopita aliketi akasema, "Siyo yeye, huyu anaendesha kistaarabu."

Saa tisa aliacha kusimama. Saa tisa na nusu Mama alimwambia taratibu, "Mguu wake bado, Des. Huenda hawezi kukaa garini muda wote huo."

"Ningemuuliza hali ya mguu," Baba akasema. "Sikumuuliza hata mguu."

Alikuwa ameinama kulifunga taulo lile kopo wakati gari jekundu kwa vumbi lilipoacha lami, likapiga honi mfululizo, likasimama likiwa limeingia nusu kwenye kivuli chetu. Mlango ukafunguka. Kwanza fimbo ikatoka, kisha mguu, kisha Shangazi Rhonda mzima, nywele zimesimama.

"Masaa kumi garini!" akapiga kelele. "Nimeondoka gizani! Kijiko kiko wapi, mpuuzi wewe?"

Hakutaka skonzi. Alichota asali tupu, kijiko kikubwa cha supu, akakiweka mdomoni na kufumba macho. Sisi tulimwangalia kana kwamba ndiye daktari.

"Ya lile gugu la maua ya zambarau," akasema mwisho. "Nyuma ya banda."

"Nyuma ya banda," Baba akaitikia.

Ndipo akalia, kijiko bado mkononi, na Baba akaja akakaa karibu yake kwenye kiti cha kukunja ambacho hakikutengenezwa kwa watu wawili. Mama alitutuma mimi na Brett tukahesabu nzi juu ya kangaruu. Tukiwa kule tuliwasikia wakicheka, wakasema, wakacheka tena, mpaka jua likazama na soseji zikaungua.

Shangazi alilala kitandani kwangu. Asubuhi alikula asali na mkate, na uji, na mwishowe kwa kidole. Kilichobaki Baba aliwagawia wenye karavani waliokuwa wakielekea Mashariki, kila mmoja na kikombe chake, na kila mmoja alilazimika kwanza kusikiliza Babu alikuwa nani.

Kwenye kizuizi gari la Shangazi lilikuwa mbele yetu. Mkaguzi, bwana mmoja mwenye kofia pana, aliinama dirishani kwake.

"Una matunda, mboga, mbegu, asali?"

"Sina," Shangazi akasema kwa heshima.

Mkaguzi akamtazama kidogo. "Basi futa kidevu, mama," akasema, akainua kizuizi.

Baba alicheka mpaka akashindwa kutia gia. Magari yalipiga honi nyuma yetu, Mama akimpiga begani, "Des, nenda, Des," naye kalalia usukani, mabega yanatikisika.